Nipo DSM (si Dar): mtu wangu anapiga kila siku hapandishwi, yule mtoto anakosa ndiye anapanda. Mnaangalia nini?

MtuWaNyarugusu

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Kabla hamjauliza, DSM yangu ni Des Moines, Iowa. Huku nako wanaiandika hivyo hivyo kwenye fulana na mabango. Mwaka wangu wa kwanza kila nikiiona nilishtuka kama nimeshuka Ubungo.

Nimekulia kambi ya Nyarugusu, mpira ninaoujua ni wa miguu. Besiboli niliokota tu: msimamizi wetu wa ghala alileta tiketi nne, hakuna aliyezitaka, nikazichukua zote nikaenda na familia. Timu ya hapa ni Iowa Cubs, daraja la Triple-A, yaani ngazi moja tu chini ya Chicago Cubs wenyewe. Uwanja upo pale mito miwili inapokutana, na ukikaa nyuma ya mpigaji unaliona kuba la dhahabu la bunge la jimbo ng'ambo ya ukuta wa katikati. Jua likizama linang'aa kama sufuria lililotoka kusuguliwa kwa majivu. Mke wangu hurudi kwa ajili ya kuba tu. Mimi na kijana wetu wa miaka kumi na mbili tumenasa kwenye mchezo wenyewe, na siku hizi tunajua majina ya wachezaji kuliko ya majirani.

Sasa tatizo. Msimu mmoja tuliwekeana dau: nani atapandishwa Chicago. Mimi nikachagua mtu mzima, miaka ishirini na tisa, wastani wake .310, yaani akipiga mara mia, thelathini na moja zinamfikisha salama, na kila wiki lazima mpira wake mmoja ulale nje ya uzio. Kijana akachagua mtoto wa miaka ishirini na mbili ambaye akisimama kupiga mimi nafungua karanga, maana najua zamu itaisha sasa hivi. Straikiauti, yaani straiki tatu katolewa; straikiauti tena, mpira wa juu umedakwa, straikiauti. Chicago walipohitaji mtu wakamwita nani? Yule wa karanga. Wangu alimaliza msimu pale pale, na mwaka uliofuata jina lake halikuwepo. Kijana alibandika matokeo kwenye friji, na hadi leo hakuna anayeruhusiwa kuyabandua.

Nauliza kwa nia mbaya kabisa: nataka nimshinde mtoto. Mnaangalia namba gani? Na kama ni kujuana na pesa tu, niambieni niache.

Kinyozi_Chicago

Pesa, kaka. Usidanganywe.

Uliza habari za Kris Bryant. Mwaka 2014 alipiga hom rani 43 (ile mipira ya kulala nje ya uzio) kati ya Double-A, ngazi ya chini yake, na Triple-A, na hiyo Triple-A ndiyo hapo kwenu Des Moines. Machi 2015 kwenye mechi za maandalizi akapiga tisa nyingine. Msimu ulipofunguliwa Cubs wakamrudisha Iowa, eti akanyooshe ulinzi wake. Wakamwita Aprili 17. Fanya hesabu: mwaka kamili wa utumishi Ligi Kuu, yaani huko juu kwa kina Chicago Cubs, ni siku 172, yeye akamaliza na 171. Siku moja! Kwa siku hiyo moja klabu ikakaa naye mwaka mzima zaidi kabla hajawa huru kwenda anakotaka. Alilalamika, kesi ikazunguka mpaka 2020, msuluhishi akasema klabu haikuvunja kanuni.

Kwa hiyo ukiona mtu hapandi, hesabu mipira, halafu hesabu na kalenda.

BiKisauni

Kinyozi hajasema uongo, ila Bryant alicheleweshwa wiki mbili, na kila mtu alijua anakwenda. Ndugu yetu wa Iowa anauliza jambo jingine. Anauliza mbona wa kwake hakwenda abadan.

Mdogo wangu, mimi niko Columbus, Ohio, natunza wazee majumbani. Besiboli nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa nikimshughulikia zamu ya jioni. Macho yalikuwa yamemwishia, redio ndiyo iliyokuwa macho. Alinipa karatasi ya mchezo nijaze huku tunasikiliza: K kwa straikiauti, na K iliyogeuzwa nyuma mbele kama mpigaji kasimama tu akaitizama straiki (mpira uliopita mahali pa kupigika) inampita. Nikikosea anasikia kalamu, wallahi. "Umeandika fupi mno." Jioni moja nikamwambia, mzee, huyu mtu wa Clippers, Triple-A yetu hapa, anapiga .340, hawa wakubwa wao Cleveland wana kichaa gani hawamchukui? Akaniuliza neno moja tu: ana miaka mingapi? Nikatafuta. Ishirini na tisa, kama wako. Akachukua kikombe chake akanywa chai. Hakuongeza neno.

Nilichukua msimu mzima kuelewa kile kimya. Triple-A ni kama stendi. Kuna wanaokwenda, kuna wanaorudi, na kuna waliokaa kwenye benchi muda mrefu hata wauza maji wanawajua kwa majina. Yule wa miaka ishirini na tisa ameshaonana na warushaji wa namna hii mara elfu. Amerudia darasa mara nne, sasa kashika namba moja. Ni kazi, simdharau, lakini mwalimu hashangai. Yule wa karanga zako ni mtoto wa darasa la nne aliyekalishwa na la nane akashika nafasi ya kumi na tano. Wewe unaona kumi na tano. Walimu wanaona la nne.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hujatazama wastani, tazama umri ukiulinganisha na daraja. Kwa makadirio: Single-A wengi wana miaka ishirini na moja hivi, Double-A ishirini na nne, Triple-A wanakaribia ishirini na saba. Aliye chini ya wenzake kwa miaka mitatu au minne na bado hajazama, huyo andika jina lake kwa wino.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Mwaka 2014 hapa Columbus walipita wawili. Mmoja ni Francisco Lindor, aliyechaguliwa wa nane nchi nzima klabu zilipogawana vijana wapya mwaka 2011. Kila orodha ya chipukizi ilikuwa na jina lake, na watu walikuja uwanjani kwa ajili yake. Wa pili alikuwa mfupi, mnene mnene, kofia inamruka kila akikimbia: José Ramírez. Cleveland walimsajili kutoka Dominika kwa dola 50,000, ambayo kwenye biashara ile ni nauli. Kwenye orodha za vipaji mia bora hakuwahi kuwepo. Mwaka 2013 kule Akron, Double-A, alipiga hom rani tatu. Tatu, msimu mzima! Anayetazama wastani na hom rani tu angempita kama mwiko wa jirani. Lakini alikuwa na miaka ishirini, na karibu hakuna mtu aliyeweza kumpiga straikiauti. Kila unachorusha anakigusa. Septemba mwaka ule ule akaitwa Ligi Kuu. Hizo hom rani zilikuja baadaye mwili ulipokomaa: 2018 alipiga 39, 2024 akapiga 39 tena.

Hapo ndipo linapokuja la pili: ugomvi wa mpigaji na straiki. Hom rani huweza kuja baadaye, kasi huja na kuondoka, lakini jicho la kujua mpira upi uachwe na upi upigwe ni gumu kufundisha. Mimi nahesabu straikiauti kwa kila zamu mia. Ikipita thelathini naanza kuwa na wasiwasi, hata kama mtu anapiga hom rani mpaka zinaanguka mtoni. Kwenu Iowa 2012 mlikuwa na Brett Jackson, chaguo la raundi ya kwanza, kasi, nguvu, sura ya nyota. Alipigwa straikiauti zaidi ya 150 katika michezo 106 akiwa na Iowa. Akaitwa Chicago mwezi wa nane, wakampiga nyingine 59 katika michezo 44, na hakurudi tena Ligi Kuu. Warushaji wa juu hawakugundua siri mpya. Walisoma tu barua iliyokuwa wazi.

Kwa hiyo yule wa karanga, rudi umtazame vizuri: je, anakosa mipira iliyo ndani au anafukuza ya nje? Anayekosa ya ndani kwa kuchelewa kidogo anaweza kunyooka. Anayefukuza slaida, ule mpira unaopinda mwishoni, inayoangukia kwenye vumbi, leo, kesho, na mwezi ujao, huyo ndiye wa kuogopa. Na Triple-A wamekurahisishia. Mchezaji akigonga kofia yake kupinga uamuzi, mashine inaonyesha kwenye ubao mpira ulipita wapi. Mimi naandika nani kagonga na nani kashinda. Mtu anayeshinda mara kwa mara analijua lile dirisha la straiki kama mlango wa kwao. Sijaona mtu wa orodha akiizungumzia hii, lakini mimi naipenda kuliko namba nyingi.

La tatu, wapi. Usilinganishe mtu wa Iowa na mtu wa Albuquerque. Albuquerque iko juu zaidi ya mita 1,500, haiko mbali na mwinuko wa Nairobi. Hewa nyepesi, mpira unaruka, na mpira wa kupinda haupindi. Mpigaji wa kule mwenye .320 nampunguzia kichwani kabla sijaanza kumsifu, na mrushaji wa kule aliyepigwa namwongezea heshima. Reno hali ni hiyo hiyo.

Jambo la nne ni burudani yangu binafsi. Chukua saa ya simu. Mpigaji wa mkono wa kulia akigonga mpira wa chini, bonyeza gongo linapogusa, bonyeza tena mguu unapokanyaga besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia. Sekunde 4.3 ni mtu wa kawaida wa Ligi Kuu. Wa mkono wa kushoto yuko karibu zaidi na besi, kwake kawaida ni 4.2. Maskauti, wasaka vipaji wa klabu, wanageuza hizo kuwa alama. Wana mizani yao ya 20 mpaka 80, hamsini ikiwa ni mtu wa kawaida wa Ligi Kuu, si mtu wa kawaida wa mtaani kwenu. Hamsini ni sifa kubwa! Nilikaa miaka nikidhani ni nusu ya mtihani.

Hapa Huntington Park, uwanja wa Clippers, huwa nakaa nyuma ya wavu, safu mbili nyuma ya wenye mashine za kupimia kasi. Siku ya soseji za senti kumi huwezi kusikia kitu kwa kelele za watoto, lakini siku nyingine unasikia kalamu zao. Wanachotazama sicho umati unachoshangilia. Mpira ukiruka nje ya uwanja watu wote wanainuka, wao wameinama wanaandika jambo la dakika mbili nyuma.

Nami nimekosea sana, nisijifanye. Nikishajua hii ya umri nikaigeuza dini. Kuna mtoto mmoja wa miaka ishirini nilimfuata misimu mitatu, nikiwaambia watu "bado mdogo, bado mdogo", mpaka akawa na ishirini na nne na bado anafukuza slaida ile ile. Udogo unaisha kama kila kitu.

Na usimhukumu mtu kwa wiki zake za kwanza juu. Pete Crow-Armstrong, nyie Cubs mlimpata mwaka 2021 mlipowapa Mets wa New York Javier Báez. Alitoka Iowa Septemba 2023, akasimama kwenye gongo Chicago, na mpaka msimu unaisha hakupata hata besi moja kwa kupiga, sufuri katika 14. Watu walicheka. Mwaka 2025 kamaliza na hom rani 31 na besi 35 za kuiba, yaani za kukimbilia bila mpira kupigwa.

Kinyozi_Chicago

Bibi, nimekaa. Endelea tu, nimefunga duka.

Ila hujajibu la pesa.

BiKisauni

Pesa ipo, nani kakataa? Aliyelipwa milioni tatu kusaini atapewa nafasi ishirini za kukosea, na aliyesaini kwa nauli atapewa mbili. Ndiyo maana nafasi mbili za Ramírez nazihesabu kuliko ishirini za mwingine. Na hao unaowaona wanafukuza mpira Triple-A, kabla ya mkataba wa 2023 kima chao cha chini kwa mwaka kilikuwa dola 17,500. Mimi nabadilisha mashuka nilikuwa nawashinda. Mkataba ule ukakipandisha hadi 35,800, afadhali kidogo.

KijanaWaLugazi

Kiswahili changu ni cha kuokota Nairobi, mnivumilie. Mimi ni Mganda, kwetu ni Lugazi. Wengine hamjui lakini sisi tuna historia. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata wakafuzu wa kwetu Lugazi, wakaenda, timu ya kwanza kutoka Afrika, na walishinda mchezo mmoja dhidi ya watoto wa Oregon, 3 kwa 2. Nilikuwa shuleni. Walimu walisimamisha masomo, tukaambiwa tumeshinda Amerika yote. Tuliamini.

Tangu hapo wetu wameanza kuingia kwenye hizi ligi za chini. Dodgers wa Los Angeles walisajili warushaji wawili mwaka 2022, Ben Serunkuma na Umar Male. Pirates wa Pittsburgh walimsajili David Matoma, naye mrushaji. Dennis Kasumba, mdakaji, yule wa video za mazoezi na matairi, alicheza na Frederick Keys mwaka 2023 kwenye ile ligi ya wanaosubiri kuchaguliwa. Mama, kwa daftari lako, hawa wetu tuwatazameje? Hizo hesabu za umri zinawafaa kweli? Mtoto wa Dominika ameshika mpira akiwa na miaka minne. Wetu wengine wameuona wakiwa na kumi na mbili.

BiKisauni

Umeuliza la maana, na umenikamata. Hapana, umri haupimi sawa. Mtoto aliyeanza kuchelewa ana miaka ya mchezo michache kuliko miaka ya kuzaliwa, nami kwao natazama mwendo: mwezi wa nne yuko wapi, mwezi wa nane yuko wapi. Akipiga hatua kubwa ndani ya msimu mmoja, basi chombo kina tanga.

Matoma simjui kwa macho, nimemsoma tu, kwa hiyo sitasema nisichokiona. Kwa warushaji wote nina kanuni moja: kasi ya mkono ndiyo inayompa mtu mkataba, na mipira ya nje ndiyo inayomrudisha nyumbani. Hesabu besi za bure anazotoa, zile mpigaji anazopewa kwa mipira minne ya nje. Zikipungua kila mwezi na kasi iko pale pale, furahi. Lakini usifurahi sana, maana chipukizi wa kurusha ni yai. Kiwiko kikipasuka ni mwaka mzima na zaidi, na kinapasuka kwa wazuri.

Ninayemjua kwa macho ni Gift Ngoepe. Alikuwa akija hapa na Indianapolis, Triple-A ya Pirates. Mtu wa Afrika Kusini, mamake alifanya kazi kwenye klabu ya Randburg Mets, wakaishi chumba ndani ya jengo la klabu, yaani akifungua mlango anaona uwanja. Pirates walimsajili 2008. Gongo lake lilikuwa dhaifu, daftari langu halikumpenda hata kidogo. Lakini mpira ukienda upande wake, mikono ile! Anauchukua kama anachukua yai kutoka chini ya kuku bila kumwamsha. Nikaandika "gongo 30, mikono 70", nikafunga ukurasa. Aprili 26, 2017 wakamwita, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kufika Ligi Kuu, na mara yake ya kwanza kusimama kwenye gongo akaupiga mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs, ukapita katikati, akafika besi ya kwanza salama. Nilikuwa kazini, nililia jikoni kwa mtu. Miaka minane na nusu kwenye mabasi. Hakukaa sana juu, najua, na kwa namba nilikuwa sahihi. Sijapata kufurahia kuwa sahihi kule.

Mama_Bukavu_KY

Wandugu jambo. Miye niko Louisville, tuko na Bats hapa, mutoto wa Cincinnati. Nasoma haya yote kichwa inazunguka. Miye naenda uwanjani sababu hakuna joto ya nyumba na watoto wanakimbia kwenye majani. Mutu akipiga napiga makofi, akikosa napiga makofi vilevile. Muniambie, mukishajua huyu atafika na huyu hatafika, munaangalia nini tena? Si imekuwa kama kusoma mwisho wa barua kwanza?

BiKisauni

Hahaha, mama, kama ningejua mwisho ningekuwa tajiri. Nimekosea nusu ya majina kwenye daftari. Hiyo nusu nyingine ndiyo inayonitoa nyumbani.

MtuWaNyarugusu

Nimerudi. Wiki hii timu imecheza hapa Jumanne mpaka Jumapili, wageni ni wale wale siku sita, na mimi nimekwenda mara tatu na daftari la kijana la hesabu. Ametoa kurasa za nyuma, kwa masharti.

Dada BiKisauni, umeniharibia karanga. Zamani zamu ya mtoto mdogo ilikuwa dakika ya kula. Sasa siwezi hata kufunua mfuko. Alhamisi kuna mmoja, miaka ishirini na moja, naye ni wa straikiauti. Mara ya kwanza ilikuwa slaida kwenye vumbi, akaifukuza, K. Mara ya pili ile ile, K. Nikaandika kwa herufi kubwa: ANAFUKUZA. Kijana akasema, "Baba, subiri."

Halafu nikaona jambo ambalo zamani nisingeliona, kwa sababu ningekuwa nimeangalia simu. Pale kwenye uzio wa kibanda chao alikuja mzee mmoja wa timu, mzee kwa maana yako, miaka thelathini na moja. Yeye siku hiyo hakupangwa. Akachukua gongo, akamwonyesha yule mtoto mikono, kisha akaweka gongo chini akawa anaonyesha kitu kwa vidole tu, kama mtu anayeeleza njia: inatoka hapa, inapita hapa, inaanguka hapa. Dakika moja hivi. Mtoto anaitikia kwa kichwa.

Iningi ya saba, yaani kipindi cha saba, akasimama tena. Straiki mbili za haraka. Ikaja slaida, ile ile ya vumbini. Nikamwona bega limeanza, likakwama. Akaiacha. Nyingine, akaiacha. Akagusa moja ikaenda nje pembeni, nyingine tena pembeni, nyingine akaiacha chini. Mpira wa nane ulikuwa mbali kabisa, akapewa besi ya bure. Uwanja mzima hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mimi na kijana na mama mmoja mbele yetu aliyegeuka kututazama. Kuba lilikuwa limeshawashwa taa.

Nimeuliza umri wa yule mzee na wastani wake. .268. Kwa hesabu zako hana mahali pa kwenda. Sasa swali: lile alilofanya kwenye uzio naliandika safu gani?

Halafu jingine, kijana anataka lijulikane hapa: amempima mdakaji wa wageni akirusha kwenda besi ya pili kumzuia mwizi wa besi, amepata sekunde 1.7. Mara mbili. Anasema amegundua nyota na nimwandikie rasmi kwenye friji.

Kinyozi_Chicago

Huyo mzee wa uzio wampe kazi ya ukocha leo leo. Namba yake kwenye fulana ni ngapi?

BiKisauni

Safu sina. Mimi huandika pembeni kwa penseli, na kurasa zangu pembeni zimechafuka kuliko katikati.

Yule mtoto mfuate. Zamu moja si kitu, nenda Jumanne ijayo wakiwa nyumbani uone kama bega bado linakwama. Likikwama wiki tatu, futa zile herufi kubwa.

Sasa mwambie kijana shangazi yake wa Columbus anamsalimu na 1.7 hiyo haikubali. Hata walio bora kabisa Ligi Kuu huzungukia 1.85, na sekunde mbili ni mtu mzuri tu. Amechelewa kubonyeza. Saa inaanza mpira unapoingia kwenye glavu ya mdakaji, "pa!", haisubiri asimame. Na inaishia kwenye glavu ya aliye besi ya pili, si mpira ukiwa njiani. Afunge macho mara tano za kwanza asikilize hiyo "pa" tu, kisha ndiyo apime. Akipata 1.9 mara tatu mfululizo, aniandikie jina la huyo mdakaji. Msibandike kitu kwenye friji kabla.